Changu wa Majanini, Changu wa Mwambani: Kisa cha Ghuba ya Chwaka

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka. Changu mdogo wa urefu wa kidole, anayenaswa kwenye majani ya bahari ndani ya Ghuba ya Chwaka, Unguja, je, akiachwa ndiye atakayekuja kuwa changu mkubwa anayevuliwa kwa mshipi na mtego wa dema kwenye mwamba wa mlangoni mwa ghuba? Ikiwa ndiye, basi anayekokota wavu wa juya ndani anakula mtaji wa mwenziwe wa nje. Ikiwa siye, kila mtu avue alipo na maneno yaishe. Maneno hayajaisha. Ghuba hii ina historia ndefu ya mivutano ya wenye majuya na wenye madema, na walioandikwa zaidi ni majirani wawili, Chwaka na Marumbi. Sheria inalikataza juya la kukokota, juya bado lipo, na mazungumzo huishia palepale: mmoja anasema "mnatumalizia watoto", mwingine anajibu "watoto wa nani?"

Anayejibu hivyo hukusudia kejeli. Lakini "watoto wa nani" ndilo swali la kitaalamu hasa, na ndilo nitakalolishika hapa.

Ukikaa dikoni, pale samaki wanapoteremshwa, wakati wa mnada utasikia hoja tatu, na kila moja ina ukweli ndani yake.

Wenye juya husema hawa si watoto, ndio ukubwa wao. Wasomi wengi hutabasamu wakisikia hivyo, na wanaharakisha kutabasamu. Yuko changu wa majanini, Lethrinus variegatus, ambaye hata akizeeka hapiti sentimita (senti) 20 hivi, na makazi yake ni majani. Yuko pono wa majanini, Leptoscarus vaigiensis, naye hali kadhalika: hukua na kuzaa bila ya kuhamia kwenye matumbawe. Juya moja likivutwa pwani, ndani yake mna samaki wazima walio wafupi kwa maumbile na watoto wa samaki wakubwa, wote pamoja, na wakiwa na senti 6 au 7 hata mvuvi mzoefu huwachanganya. Kwa hiyo mtu anayehesabu "watoto" kwa kuangalia udogo tu atazidisha hesabu, na mwenye juya atakuwa na haki ya kumpinga.

Wenye madema husema hawa ni watoto wa changu wetu. Hii ndiyo hoja inayohitaji ushahidi, nami nitaifungia kwa samaki mmoja, changu doa, Lethrinus harak, mwenye doa jeusi ubavuni. Huyu huweza kufika senti 50, ingawa anayezoeleka sokoni ni wa senti 30 hivi. Wadogo wake huonekana majanini na kandokando ya mikoko. Wakubwa huvuliwa zaidi karibu na mwamba. Nimemchagua kwa sababu doa lake humtambulisha, na kwa sababu ndiye ambaye pande zote mbili humtaja zikigombana.

Hoja ya tatu ni ya wazee. "Mwanangu, samaki analetwa na maji. Wewe ukivua wa leo, wa kesho yuko njiani." Na kweli yuko njiani. Changu hutoa mayai yakaelea, na viluwiluwi vyake huchukuliwa na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kutua penye makazi. Kwa samaki wengi wa mwambani muda huo ni wiki tatu hadi sita. Mkondo mkubwa wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima na huzidi nguvu msimu wa kusi. Maana yake ni kwamba wazazi wa changu waliotua Chwaka mwezi huu wanaweza kuwa walitaga mbali kusini, pengine upande wa Mafia, na watakaozaliwa mlangoni mwa Chwaka wakatua Pemba au Kenya. Mzee kasema kweli kuhusu safari ya kwanza. Ila safari ya kwanza humalizika siku kiluwiluwi anapotua. Kuanzia hapo hakokotwi tena na maji, anaogelea mwenyewe, na akivuliwa amevuliwa. Kisa chetu kinaanzia hapo.

Mahali penyewe panafaa kuelezwa, kwa sababu nusu ya jibu imo katika maji kujaa na kupwa. Ghuba iko mashariki ya Unguja. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa, maji hutanda kilomita za mraba 50 hivi. Yakipwa, hubaki 20 hivi. Tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa kwa bamvua hupita mita 3, na wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, ni kama theluthi ya hapo. Kusini umesimama msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Unguja, ambao tangu 2004 umo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Msitu huo unakatwa na vijito vya maji ya chumvi, kikubwa chao kikiitwa Mapopwe. Mbele ya mikoko kuna matope na mchanga, kisha yanaanza majani ya bahari. Aina 11 zimeorodheshwa humo. Mlangoni kuna mwamba. Hakuna mto wa maji baridi unaoingia mwaka mzima, mvua na chemchemi za pwani tu.

Sasa ushahidi. Wa kwanza, ambao kila mtu huukimbilia, ni urefu. Pima samaki vijitoni, pima majanini, pima mwambani, kisha panga. Picha hutoka nzuri: wadogo ndani, wa kati katikati, wakubwa nje. Mtafiti Blandina Lugendo na wenzake waliifanyia kazi ghuba hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakahesabu samaki wa vijito, matope na majani, wakachunguza matumbo yao na kaboni iliyomo mwilini. Kazi hiyo ilionyesha kuwa ghuba imejaa samaki wachanga wa aina ambazo wakubwa wao huvuliwa mwambani, na kwamba wengi wao chakula chao hutoka majanini kuliko kwenye mikoko yenyewe. Hili la mwisho liliwashangaza waliozoea kusikia mikoko ikisifiwa peke yake.

Wengi huishia hapo wakaandika "vitalu vya samaki", yaani mahali wachanga wanapokulia, kwenye bango. Lakini ile picha ya urefu inakubali visa vitatu tofauti. Kisa kimoja: wadogo wanahama, wanatoka ndani kwenda nje kadiri wanavyokua. Kisa cha pili: walio ndani huvuliwa au kuliwa karibu wote kabla ya kukua, na walio nje walitua nje tangu mwanzo, ila wakiwa wadogo hujificha kwenye mianya ya matumbawe wala hatuwaoni. Kisa cha tatu: wote wana umri mmoja, wa nje wanakua upesi na wa ndani wanadumaa. Katika visa vyote vitatu rula itasoma vilevile. Mwenye juya akiuliza "umemuona akitoka?", mwenye rula hana la kujibu.

Anayeweza kujibu ni samaki mwenyewe, na jibu analo kichwani. Samaki wa mifupa ana jozi tatu za vijiwe ndani ya fuvu, vya kusikilizia na vya kumuwezesha kujua yuko wima au kalala. Kikubwa zaidi, kwa changu wa kuliwa, ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Ni chokaa, kalisi kaboneti iliyoshikana na protini kidogo, na kila siku samaki huongezea tabaka moja jembamba, kipande cheupe na kipande cheusi, kama maganda ya kitunguu. Mtafiti Giorgio Pannella ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kuwa matabaka hayo ni ya siku. Sifa yake kubwa ni kwamba kilichowekwa hakiondolewi. Samaki akishinda njaa mwili wake hula akiba nyingine; kijiwe hakiguswi. Pale kati ni siku alizaliwa, ukingoni ni siku alivuliwa.

Kukipata si kazi kubwa, ila kuna jambo la sokoni ambalo watu wa maabara husahau. Changu wa Unguja hauzwi bila kichwa. Kichwa ndicho mchuzi. Ukimpasua samaki fuvu kutoka juu umemharibia mchuuzi bei, na wiki ijayo hakupi tena. Njia ya adabu ni kuinua kifuniko cha shavu, kusogeza mashavu, kuvunja mfupa wa chini ya fuvu kwa ncha ya kisu na kukitoa kijiwe kwa kibano. Samaki hurudi tengani kama alivyokuwa. Nimeona mnada ukiendelea huku mtu akifanya hivyo pembeni, na hakuna aliyenung'unika.

Kijiwe hugandishwa katika gundi ngumu, husagwa kwa msasa laini pande zote mbili hadi kitovu kionekane, kisha huwekwa chini ya hadubini. Hapo ndipo maisha yanapoanza kusomeka. Matabaka ya kwanza ni ya wakati wa kuelea baharini. Kisha huja alama, badiliko la ghafla la upana na rangi ya matabaka: siku alipotua. Hesabu matabaka kutoka kitovuni hadi alama, umepata siku alizoelea. Hesabu kutoka alama hadi ukingo, umepata siku alizoishi chini. Toa jumla yake katika tarehe aliyovuliwa, umepata siku ya kuzaliwa. Ukifanya hivyo kwa samaki wengi utajua miezi gani ya mwaka, na hata mwezi wa mbinguni ukiwa umri gani, ndiyo iliyoleta watoto wengi waliofika salama. Kwa anayetaka kufunga eneo kwa msimu, hakuna habari yenye thamani zaidi ya hiyo. Kufunga kwa kufuata kalenda ya ofisi, bila ya kujua wachanga hutua lini, ni kulinda majani matupu.

Ukuaji nao umo humo. Kwa kuwa kijiwe hukua pamoja na mwili, umbali kutoka kitovuni hadi tabaka fulani hukadiria urefu wa samaki siku ile. Tuseme una changu doa wawili wa senti 10, mmoja wa majanini na mmoja wa mwambani. Rula inasema ni sawa. Vijiwe vikisema wa majanini ana siku 150 na wa mwambani 110, kisa cha tatu, kile cha kudumaa, kimepata nguvu. Vikisema wana siku sawa, kisa hicho kimeondoka mezani. (Hesabu hizo ni za mfano tu, si za samaki wa Chwaka.) Na hata ikitokea kuwa wa ndani hukua polepole, haina maana kwamba ndani ni pabaya. Kule Karibiani watafiti waliofuatilia samaki mmoja wa mwambani waliona kuwa mwambani hukua upesi zaidi lakini huliwa zaidi; majanini na mikokoni hukua polepole lakini hubaki hai. Mtoto hukaa ndani hadi awe mkubwa wa kutomezeka, kisha hutoka. Kwa hiyo ukuaji wa polepole ndani unaweza kuwa bei ya usalama.

Hapa pana mtego ambao ripoti nyingi huupita kimya. Changu wazima tunaowasoma mwambani ni wale waliopona. Ikiwa waliokua upesi utotoni ndio waliosalimika, basi vijiwe vya wazima vitatuonyesha utoto wa kasi kuliko ulivyokuwa kwa kundi zima. Asiyelinganisha na watoto wenyewe, waliovuliwa mwaka uleule, atasifu ghuba kwa jambo ambalo ni kazi ya papa na chewa.

Umri na ukuaji havijajibu bado alitoka wapi. Hilo linajibiwa na kemia. Kaboni iko ya namna nzito na nyepesi, zinazoitwa isotopu, na mimea haizitumii kwa kiwango kimoja. Katika kipimo kinachotumika duniani, ambacho nambari ikishuka kaboni nzito imepungua, majani ya mikoko husoma karibu -28, majani ya bahari karibu -11. Kijiwe hupata sehemu kubwa ya kaboni yake kutoka maji na sehemu ndogo kutoka chakula, lakini maji yaliyokaa mikokoni yamebeba kaboni ya majani ya mikoko yaliyooza, kwa hiyo alama haipotei. Mtafiti huchokoa unga wa sehemu ya utoto tu, ile iliyo baada ya alama ya kutua, kutoka kijiwe cha changu mkubwa aliyevuliwa mwambani, akaulinganisha na vijiwe vya watoto wanaoishi sasa mikokoni, majanini na mwambani. Utoto wake ukifanana na wa majanini, huyo alipita majanini. Ishmael Kimirei na wenzake walifanya kazi ya aina hiyo kwenye pwani ya Dar es Salaam, kwa changu na jamaa ya kelea, na walichochapisha mwaka 2013 kinaunga mkono kuwa samaki wa mwambani walipitia maji ya ndani utotoni. Kwa pwani yetu huo ndio ushahidi wa karibu zaidi kwamba kisa cha kwanza, cha kuhama, ni cha kweli.

Je, tunaweza kuuchukua ushahidi wa Dar es Salaam tukauweka Chwaka mezani? Kwa kiasi. Aina ni zilezile, bahari ni ileile. Lakini kuna mambo mawili yanayoipa Chwaka sura yake.

La kwanza ni kupwa. Sifa nyingi za mikoko kama kitalu zilitoka Karibiani, ambako maji hupanda na kushuka kidogo sana na mizizi hubaki majini mchana kutwa. Chwaka bamvua likipwa, mizizi inasimama hewani. Changu aliyekuwa akijificha mikokoni maji yalipojaa hana budi kushuka kijitoni, na kijito kikikauka atoke hadi majanini. Mathias Igulu na wenzake walikusanya tafiti za sehemu mbalimbali za dunia, wakachapisha mwaka 2014, na walichokiona ni kwamba utaratibu wa maji kujaa na kupwa ndio unaoamua zaidi kama samaki wa mwambani watatumia mikoko, kuliko kuwa bahari ni ya Hindi au ya Karibiani. Kwa msomaji wa vijiwe maana yake ni kwamba mtoto wa Chwaka hana anwani moja. Anaandikwa mikoko na majani katika tabaka moja. Alama ya kaboni itatoka katikati, na atakayelazimisha asilimia kamili za mikoko na za majani atakuwa ameandika ubunifu.

La pili ndilo zito, nami naona ndilo linaloamua kisa. Kaboni inasema "majani". Haisemi "Chwaka". Majani ya bahari yako ndani ya ghuba, na yako pia nje, kwenye maji ya kina kifupi baina ya pwani na mwamba, kuelekea Uroa na Pongwe upande mmoja na Michamvi upande wa pili. Changu wa mwambani mwenye utoto wa majani anaweza kuwa hajawahi kuingia Chwaka hata siku moja. Mwenye juya akilifahamu hili, na siku moja atalifahamu, hoja nzima ya vitalu itaanguka mbele ya kamati ya wavuvi, hata kama kila kipimo cha maabara ni sahihi. Ndiyo maana sipendi kumsikia mtu akisema sayansi imekwisha kuthibitisha. Imethibitisha kuwa samaki huhama kutoka maji mafupi kwenda mwambani. Mlango gani walipitia, bado.

Kuna njia ya kuutafuta mlango. Mbali na kaboni, kijiwe hunasa chembe za madini yaliyomo majini: strontiamu, bariamu, manganizi. Manganizi huyeyuka zaidi kutoka kwenye matope yasiyo na hewa, na matope ya namna hiyo Chwaka yako tele mbele ya mikoko kuliko kwenye mchanga wa nje. Bariamu hufuata maji baridi, kwa hiyo masika na chemchemi zinaweza kuacha alama ndani ambayo nje haipo. Leza hupita juu ya kijiwe kutoka kitovuni hadi ukingoni ikisoma madini siku baada ya siku. Inawezekana Chwaka ina saini yake, inawezekana haina. Itajulikana tu kwa kukusanya watoto wa majani ya ndani na wa majani ya nje katika bamvua lilelile na kuona kama vijiwe vyao vinatofautiana. Vikifanana, njia hiyo imefungwa na tusipoteze fedha ya leza kwa wazima.

Mara hutokea mtu akauliza kwa nini wasitiwe alama tu wakaachiwa. Jodari walitiwa. Kati ya 2005 na 2007 mradi wa Bahari ya Hindi uliwatia vitambulisho vya plastiki jodari zaidi ya 168,000, sehemu kubwa wakiwa wachanga na sehemu kubwa wakiachiwa kwenye maji ya Tanzania, na takriban mmoja kati ya kila sita alirudishwa. Baadhi walidungwa sindano ya dawa inayoacha mstari kijiweni, na kwa mstari huo matabaka yakahakikiwa: siku zilizopita tangu sindano zinajulikana, hesabu tabaka uone kama zinalingana. Kazi ile ndiyo iliyotuonyesha vizuri kuwa jodari wa mapezi ya njano huenda polepole utotoni kisha akaongeza mwendo wa kukua. Lakini jodari wale wengi walipita kwenye meli kubwa na viwanda, mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuangalia samaki maelfu. Changu wa Chwaka hupita kwenye madiko kadhaa, mikononi mwa wachuuzi wa baiskeli, na jioni yumo kaangoni. Tena mtoto wa senti 6 hawezi kubeba kitambulisho cha jodari. Sindano, hata hivyo, inafaa sana: watoto wachache wafugwe kwenye wavu majanini, wadungwe, na baada ya wiki kadhaa vijiwe vyao visomwe. Bila ya hatua hiyo, mtu anaweza kukwambia "tabaka moja siku moja" kwa kila samaki wa dunia, na changu doa wa ghuba inayokauka mara mbili kwa siku huenda akaongeza vivuli vya maji kujaa na kupwa ambavyo msomaji mchanga atavihesabu kuwa siku. Wasome watu wawili, kila mmoja peke yake, wasijue samaki alitoka wapi.

Turudi kwenye kamati, maana kamati haiwezi kusubiri leza. Kwa ushahidi ulioko leo, naona kuna jambo moja linalostahili kufanywa na jingine lisilostahili. Lisilostahili ni kuifunga ghuba yote. Ushahidi hautoshi, na gharama inawaangukia wasio na chombo: vijana wanaovuta kamba za juya kwa sababu hawana ngalawa wala mashine, na kina mama wanaonunua mafungu ya samaki wadogo wakakaanga na kuuza. Faida, ikija, itamfikia mwenye dema na mshipi wa nje, ambaye hakutoa kitu. Mtu aliyenyimwa riziki ili mwenziwe ashibe atavua usiku, na hapo hutajua hata anachovua.

Linalostahili ni kufunga midomo ya vijito vya mikoko, na mapande ya majani yaliyo mbele yake, wakati wa kupwa kwa bamvua. Hapa hatuhitaji kujua kama samaki wataishia mwamba wa Chwaka au wa Michamvi. Maji yakipwa, watoto waliokuwa wametawanyika katika msitu mzima wanabanwa kwenye mfereji mmoja mwembamba. Wavu mmoja uliotegwa hapo kwa saa mbili unachukua kilicholindwa na mikoko kwa wiki nzima. Eneo ni dogo, linaonekana kutoka pwani, na linalindika bila ya boti. Wanaopoteza ni wachache na wanajulikana kwa majina, kwa hiyo wanaweza kufidiwa. Wenye madema wa nje ndio wa kwanza kuombwa: nafasi katika chombo, au fungu la mnada wa bamvua. Nimeona wakubwa wa madiko wakikunja uso likitajwa hilo. Basi wasiendelee kusema "watoto wetu", kwani mtoto hulipiwa.

Na kuna kazi ya bei rahisi ambayo isipoanzishwa mwaka huu haitaweza kufanywa baadaye. Changu doa mzima anayevuliwa leo mwambani alikuwa mtoto miaka kadhaa iliyopita, na maji ya miaka ile hayakuwa na madini sawasawa na ya sasa: masika hutofautiana, na maji yaliyopata joto hubadilisha kinachoingia kijiweni. Kumlinganisha na watoto wa leo ni kulinganisha zama mbili. Kinachotakiwa ni vijiwe vya watoto wa mwaka huu, wa ndani na wa nje ya ghuba, vikaushwe, viwekwe katika vibahasha vya karatasi, kila kimoja na tarehe, mahali, urefu na aina ya mtego, visubiri wazima watakaovuliwa miaka mitatu au minne ijayo. Tatizo ni nani avitunze. Mwanafunzi huja, hupata shahada yake, huondoka na sanduku. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko kisiwani hapa tangu 1978 na ina mahali pa kuhifadhi, lakini daftari lenye tarehe na mahali lingebaki Chwaka, kwa katibu wa kamati ya wavuvi, nakala mbili, moja yao iandikwe na mtu wa juya.